Kibao Kilichopakwa Nta

Itigi, Singida

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba mkono wako wa kulia uwe umeanza kushika hata kijiko, na mama awe amepunguza kukulisha uji kwa nguvu. Mimi ni mzima. Vumbi la huku limeshanizoea, ila midomo imepasuka kwa ukavu wa hewa.

Barua uliyomwandikisha dada Rehema ilinikata maini. Eti vifaa vyako vyote vya useremala umevitia guniani, unamngoja jirani aje avichukue, kwa kuwa mkono umekataa na hakuna wa kuvishika. Baba, mwambie asubiri kwanza. Nina habari za kile kibao cha mpira wa meza ulichonichongea nilipopata kazi ya reli.

Ukavu huu ulikianzishia ufa mwembamba pembeni. Tena kila nilipobandua raba ya usoni iliyochakaa, gundi iling'oka na nyuzi za mti. Nikamlalamikia Yohana, mwenzangu wa genge la reli ninayekaa naye chumba kimoja. Yeye ni mwenyeji, ana mizinga yake ya nyuki vichakani. Nilipokwenda zamu akayeyusha nta, akakipaka kibao chote. Nilikikuta kinang'aa na kunukia asali. Nikafurahi kama mjinga, nikabandika raba mpya juu yake. Hata nyuki wawili watatu walioingia dirishani hawakunishtua.

Jumapili ile klabu ya reli ilikuwa inachagua wa kwenda kucheza Singida mjini. Nilipoupiga mpira kwa nguvu, raba ikabanduka nzima, ikaruka na kutua kwenye sinia la mama muuza chai. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilimgeukia Yohana kwa hasira ambazo wewe unazijua, maana nimezirithi kwako. Akanijibu taratibu:

"Ndugu yangu, mzinga ukipakwa nta hauingii maji wala haupasuki. Nilijua hiki ni cha baba yako, nikakitunza kama ninavyotunza changu."

Nikaona haya. Nikaenda kuokota raba yangu kwenye sinia la chai.

Waliokuwepo waliniambia nikitupe, nta imeshaingia ndani ya mti na gundi haitashika tena. Nilikataa. Sina kingine chenye kazi ya mikono yako, na kwa hali ya mkono huo sikujua kama nitapata kingine. Nikakaa kibarazani na Yohana, tukaparuza nta kwa kipande cha chupa, polepole, tukifuata mwelekeo wa nyuzi kama ulivyokuwa ukifanya kwenye milango. Tukafuta kwa kitambaa chenye petroli, tukaacha kikauke, tukapiga msasa laini. Nikaomba vanishi kidogo karakana, nikaizimua, nikapaka nyepesi kwa kitambaa. Ilipokauka nikapiga msasa tena, nikarudia. Ufa niliujaza gundi na unga wa mbao, nikazungushia ukingo utepe wa kitambaa. Mahali pa kushika sikupaka kitu, mkono usije ukateleza kwa jasho. Hakuna aliyenifundisha haya, baba. Nilikuwa nakuona tu tangu utotoni, kumbe macho yalikuwa yanaweka.

Raba imeshika. Nilibandua moja makusudi kujaribu, na hakuna unyuzi hata mmoja uliong'oka. Timu ya Singida sikuingia, walishajaza nafasi. Lakini mwalimu wa shule ya kijiji cha ujamaa cha jirani alikishika kibao, akakigeuzageuza, akauliza nani fundi. Nikasema baba yangu. Akasema wanafunzi wake wanachezea vipande vya maboksi, mbao zipo, mchongaji hakuna. Kabla sijafikiri nikamjibu kwamba nitawachongea.

Sasa nimeahidi kitu ambacho sijawahi kukifanya. Kwa hiyo, baba, fungua gunia. Likizo nakuja. Wewe kaa kwenye kiti chako, mimi nitashika randa, na nikikosea nigombeze kama kawaida yako. Sauti yako haijapooza, Rehema ameniandikia hivyo pembeni mwa barua.

Mama mpe shikamoo yangu. Rehema namshukuru kwa mwandiko wake na umbeya wake. Mjomba Athumani anayetuuzia misumari msalimie, na bibi mwambie asali ya Yohana inakuja. Yohana anakuamkia, anaomba radhi kwa nta.

Mwanao, na ukinikubali, mwanafunzi wako,

Salehe