Kiganja Kwenye Injini

3 Februari

Dada Spana,

Hamjambo hapo karakana? Mikono ya baba inaendeleaje, bado inatetemeka asubuhi tu, au na jioni imeanza? Mimi mzima, ila macho yamechoka. Wiki nzima nachungulia darubini pale maabara, mpaka nikifumba macho naona vijidudu vya watu.

Tuliapa kuandikiana barua tu tangu siku ile tulipogombana kwenye simu ukanikatia. Sawa, hili ni jambo la barua. Nataka kununua pikipiki. Siyo ya kubebea magunia. Ya spoti, ile ya kuinama, saizi ya kati, iliyotumika. Mpya siiwezi hata nikiuza na kitanda. Akiba yangu inatosha nzuri moja au mbovu mbili, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nimeona tatu. Nyeusi, cc mia sita, bei yake rahisi mpaka inatia shaka. Ya bluu, cc mia tatu, ya muuza duka la dawa. Na nyekundu, cc mia nne, ya mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Anasema mgongo wake umekataa kuinama. Nichague ipi? Baba nilimdokeza aliponipigia. Alicheka mpaka akakohoa.

Mdogo wako,
Breki

11 Februari

Breki,

Salamu zimefika. Baba hajambo. Huwa hatetemeki akisimulia, na wiki hii kasimulia kweli kweli: kila mteja anayeingia anaambiwa mwanawe wa maabara ananunua pikipiki ya spoti. Mwanawe wa karakana alikuwa hapo hapo, kapiga magoti anakaza nati, kayasikia yote.

Nikufiche nini? Nimeona wivu. Miaka kumi na tatu natengeneza pikipiki za watu, na safari yangu ndefu kuliko zote ni kutoka mlangoni mpaka tangi la maji la mtaa, kuijaribu, halafu nageuza. Wewe uliyekuwa ukishikishwa tochi unamulika ukutani badala ya injini, leo ndiye unayetaka ya kuinama! Wanasema penye miti hapana wajenzi. Hapa wajenzi tupo, miti ndiyo imehamia kwako.

Haya, nisikilize. Ya bluu ni ndogo, utaichoka kabla ya mwaka. Nyeusi naiogopa, maana rahisi ni ghali. Lakini kaone zote. Usimwambie mwenyewe saa utakayofika. Ukifika, kabla hata hamjaulizana habari za nyumbani, weka kiganja kwenye injini. Ukikuta ya moto, ujue kaiwasha mapema ili usisikie inavyokohoa ikiwa baridi. Tazama tairi zimelika upande gani. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele uone kama zinavuja oili. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Mwisho, inueni gurudumu la mbele lisiguse chini, ugeuze usukani polepole kushoto na kulia, uniandikie mikono yako inahisi nini. Usitoe hata senti kabla sijakujibu.

Dada yako,
Spana

20 Februari

Shikamoo dada, maana nimekuheshimu upya!

Kwa yule wa nyeusi nilizuka bila taarifa. Kiganja nusura kiungue. Ati jua limeichoma, na pikipiki iko kivulini! Nikamwambia dada yangu anamsalimu, nikaondoka zangu. Ya bluu imeshauzwa.

Nyekundu ndiyo yenyewe, dada. Injini baridi kama mtungi, na ikawaka mara ya kwanza. Mwalimu ana daftari, kila alipobadilisha oili kaandika tarehe kwa wino wa kijani. Tairi zimelika sawasawa, shokapu kavu, namba zinalingana. Tuliinua gurudumu la mbele, mimi na mkewe. Usukani unageuka laini, ila ukifika katikati unatulia wenyewe, kama droo inayoingia mahali pake. Ukiusukuma kidogo unatoka tena. Hapo ndipo nilipoipenda. Ni kama inaijua njia.

Mwalimu atanisubiri mpaka wiki ya kwanza ya Machi. Niambie neno moja tu, nichukue au niache.

Halafu huyu baba! Kanitumia koti lake la ngozi, lile la nyuma ya mlango. Lilikuja jana na kikaratasi: "Mwenye damu yangu avae." Nililia, dada.

Mdogo wako,
Breki

26 Februari

Chukua.

Fundi

1 Machi

Breki mdogo wangu,

Usiipande. Kama umeshainunua, usiiwashe tena. Kiapo chetu nimekivunja, nimekupigia mara sita: inaita mara moja inakatika, na ujumbe hauendi.

Usukani unaotulia katikati wenyewe haujui njia yoyote. Beringi za shingo ya usukani zimeliwa, zimechimbika vishimo, na usukani unaangukia humo. Barabara ikiwa imenyooka hutagundua kitu. Kwenye kona usukani utagoma, kisha utaachia ghafla. Nilijua pale pale nilipousoma ule mstari. Nilijua, nikaandika chukua.

Kabla ya barua yako kufika nilikuwa na wiki nzima nautazama msumari mtupu nyuma ya mlango. Nilidhani koti limeibwa, hata mteja mmoja nilimshuku. Baba aliniona nikilitafuta. Miaka yote hii ni mimi ninayelipangusa vumbi na kulipaka mafuta lisipasuke. Sikuwahi kuliomba kwa sababu nilijua ni langu, linangoja siku yake tu. Kumbe damu yake iko maabara. Wivu ulinikaba, mkono ukaandika wenyewe.

Hapana, naongopa. Niliandika mimi. Nikatembea mpaka posta, nikarudi, nikanywa chai.

Dawa yake ni ndogo, beringi mpya na kazi ya nusu siku. Mwalimu angekupunguzia na bei. Ni pikipiki nzuri, Breki. Ningekuwa mimi ningechagua hiyo hiyo.

Nijibu, hata kwa tusi.

Dada yako

9 Machi

Mdogo wangu,

Siku nane. Nimemwomba baba akupigie, simu yako haiiti kabisa. Ananiuliza kwa nini kila nikisikia pikipiki nachungulia barabarani. Jana nilifunga cheni ya mteja kinyumenyume.

Hujambo? Naomba uniambie hujambo.

Dada yako

22 Machi

Spana,

Vumilia mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Simu yako ya kwanza niliikata. Nilidhani unataka kunigombeza kwa ajili ya koti, nikaifungia namba yako. Barua yako ya neno moja ilifika Jumanne, nikainunua siku hiyo hiyo. Nikaanguka Alhamisi. Barua ya pili ilifika Ijumaa, mimi niko wodini.

Ilikuwa kona ya kiwanda cha mbao, mwendo wa kawaida. Usukani ulikataa, halafu ukakubali kupita kiasi. Nimevunjika mkono wa kulia mahali pawili, na ubavu mmoja. Simu ilisagika. Darubini siigusi mpaka mwezi wa sita, na kazini kiti changu wamempa mtu "kwa muda". Koti limechanika kuanzia kiwiko hadi kwapa. Daktari anasema bila hilo ngozi yangu ingebaki barabarani.

Baba nimempigia leo kwa simu ya jirani, nikamwambia niliteleza. Sikukufichia siri kwa kukuhurumia wewe. Niliihurumia mikono yake.

Unajua kinachouma kuliko mfupa? Kwamba ulidhani wivu ni wako peke yako. Kila nikirudi likizo nawakuta wewe na baba mmeinamia injini moja, mnapeana spana bila hata kuongea. Nilimulika ukutani kwa sababu hakuna aliyenionyesha pa kumulika. Pikipiki niliinunua ili na mimi niwe na la kuzungumza nanyi.

Nimeipakia kwenye lori, inakuja kwako, koti limefungwa juu yake. Itengeneze. Halafu uilete wewe mwenyewe, ukiiendesha. Sijakusamehe. Nataka kwanza nikuone usoni.

Bado mdogo wako,
Breki

16 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Usijibu kwa barua, niko nje ya mlango wako. Hii nimeipitisha chini ya mlango kwa sababu nikianza kwa mdomo tutagombana, na wewe una mkono mmoja.

Beringi nimeweka mpya. Za zamani nimezileta kwenye kitambaa. Vishimo vyake utavisikia kwa ukucha. Chini ya kiti nimekuta barua yangu ya neno moja umeikunja mara nne. Nimeiacha humo humo. Koti nimelishona kwa uzi wa kushonea viti, na mshono ni mbaya, unaonekana kwa mbali.

Baba nimemwambia ukweli wote jana. Leo asubuhi alitoka na ile mikono yake, akanishikia pikipiki nikipanda. Akasema, "Yeye nilimwandikia kwa sababu yuko mbali. Wewe uko hapa kila siku, nikajisahau." Nikamuuliza, "Mpaka koti, baba?" Wivu haujaniisha, nikufiche nini, ila huu wa leo naweza kutembea nao.

Nilipofika kwenye tangi la maji mguu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Nilisimama pale, watu wakanipigia honi. Kisha nikalipita. Sikujua kwamba baada ya tangi kuna mteremko mrefu vile. Nilipiga kelele ndani ya helmeti kama mwendawazimu, halafu nikakumbuka kwa nini nimo safarini, nikanyamaza.

Kona ya kiwanda cha mbao nimeipita polepole. Nikarudi, nikaipita tena kwa mwendo wako. Usukani umenitii.

Ufunguo umo kwenye bahasha hii. Ukinifungulia, nitazame kwanza, usiseme kitu. Usiponifungulia nitaelewa, nitarudi kwa basi. Pikipiki nimeiegesha kivulini chini ya dirisha lako. Ukishuka, weka kiganja kwenye injini. Utaikuta ya moto.

Dada yako