Bonde Lililotulia Chini ya Meli Inayoyumba

Mjukuu wangu Hamisi,

Nakusihi, haya yote yabaki kwako. Bibi yako, yaani dada yangu, akisikia kwa watu kwamba ofisi yangu imo ndani ya meli ya utafiti, hataniruhusu kurudi baharini. Shikamoo yako imefika, marahaba. Usicheke. Tumelingana umri, lakini ukoo umenifanya babu yako. Nyumbani Mzenga, kwa bibi yako, wote wazima, na mihogo imekubali.

Umeuliza meli inapimaje sakafu ya bahari huku inayumba. Siku yangu ya kwanza nilikaa kuandika vipimo vya kina, vinavyotokana na mwangwi wa sauti ambayo meli huituma chini, mkono mmoja umeng'ang'ania meza. Kwenye kioo cha kompyuta, sakafu ilipanda na kushuka kama mawimbi. Nikapiga kelele, "Chini kunatembea!"

Fundi wa vipimo akacheka. "Chini hakuna miguu, karani. Tunaotembea ni sisi."

Akaunganisha chombo kinachopima meli inavyoinama, inavyolala upande na inavyoinuka. Setilaiti zikaonyesha tulipo. Kompyuta ikaondoa mtikisiko wetu kwenye vipimo, na bonde refu likajitokeza, limetulia tuli, pengine halijaonwa na mtu tangu liumbwe. Meli bado iliyumba. Mimi bado niliogopa. Ila nililiona, Hamisi, nikaiachia meza.

Sasa meli yetu inajulikana ilipo kila sekunde, na dada yangu hajui nilipo mimi. Ijumaa nitamwambia mwenyewe, ila peke yangu siwezi. Shuka kituo cha basi cha Picha ya Ndege, nilikopanga chumba, uulizie karani mgeni. Tutakwenda Mzenga pamoja.

Babu yako,
Saidi