Kufuli Kwenye Kisima Chenye Maji

Kibamba, Dar es Salaam
13 Desemba 2025

Mpendwa mwanangu Mashaka,

Shikamoo yako ya juzi niliipata, marahaba. Mnaendeleaje huko Mwanza? Jino la mkeo Munira limetulia? Sie ni wazima, ila goti langu la kushoto limeanza ukaidi wake, mvua za vuli hatujaziona, na bomba la mtaa hii ni wiki ya tano halijatoa hata tone.

Wengi tunakosea tukidhani watu hupigana kitu kikishaisha. Kosa hilo mie nimelifundisha miaka thelathini na moja. Nilikuwa nachora ubaoni neno njaa, mshale, kisha neno vita. Wanafunzi wananakili, kengele inalia. Nchi inakosa nafaka, mto unapungua, bei zinapanda, mwishowe majeshi yanavuka mpaka. Vitabu vilisema hivyo nami nikaridhika. Sasa sijui tena mshale ule umetengenezwa na nini.

Ngoja nikueleze. Uliposikia bomba limekauka, ulimpigia Faraji simu ukamwagiza akifunge kisima chako kwa kufuli, majirani wasichote. Sikulaumu, kisima ni chako, na Faraji na Najma ni wanao. Jumatano akaja jirani yetu Gregori kama alivyozoea. Unamjua, Mngoni, mtani wetu. Babu zake waliwateka babu zetu Wangindo wakawapora na chakula, na utani ndio uliozika uadui ule. Akabeba ndoo mbili tulizokwisha kujaza, bila kuomba, huku anacheka: "Watumwa wangu, nani kawaruhusu kuwa na kisima?"

Siku nyingine tungemrudishia tusi lake, tukacheka wote. Faraji akamwambia, "Utani umeisha na maji ya bomba, mzee. Weka ndoo chini." Gregori akadhani kijana naye anatania, akaendelea kutembea. Faraji akamsukuma. Mzee wa watu akaanguka, mkono ukateguka.

Kinachonisumbua zaidi ni mie mwenyewe. Nilikuwa nimekaa barazani naona yote. Kabla sijamtazama Gregori, nilitazama maji yaliyomwagika.

Jana Faraji alipofungua ili tuchote ya kupikia, nikashusha kamba yenye jiwe. Maji yapo palepale yalipokuwa mwezi wa sita, hayajashuka hata kiganja. Basi tunagombania nini? Nikiwaza habari za mataifa napotea kabisa. Labda ukosefu peke yake hautoshi. Labda lazima awepo mtu mmoja, mbali na kisima, anayewahofia wanawe, akatoa amri kwa nia njema. Labda. Lakini kwa Gregori kiu ni ya kweli. Mkewe Marietha ananunua maji ya mkokoteni, tena ya chumvi. Kwa hiyo ukosefu nao umo, na hofu nayo imo, nami nashindwa kujua ipi ilitangulia. Mwanafunzi angeniuliza leo, ningemwambia akae chini kwanza.

Wana wa Gregori wameapa kuja kuvunja kufuli kesho wakitoka kanisani. Faraji ameweka panga nyuma ya mlango. Nimemwomba ufunguo mara mbili, ananijibu kwa adabu zote: "Babu, baba ndiye aliyesema." Nilikwenda kumpa Gregori pole, akanipokea vizuri, akanikaribisha kiti. Hakunitania hata neno moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Msalimie sana Munira, na mdogo wako Salma ukimwona. Shangazi yako Mwanaheri anakusalimu, anasema ule, umekonda kwenye picha. Mwenyezi Mungu awalinde nyote na aupe moyo wako utulivu. Najma ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu, kwa hiyo utaisoma kabla jua halijazama.

Ukimaliza kuisoma, mpigie Faraji leo umwambie afungue kufuli.

Nikupendaye tangu ukitambaa,
Baba yako mkubwa,
Mwishehe