Toleo la Nane Halifunguliwi

Jumanne, 12 Juni

Nimegombana na Profesa Harkort mbele ya mashine ya kahawa. Ghorofa nzima imesikia. Na wasikie!

Asubuhi wenzetu wa Krakow waliandika kulalamika. Hesabu zote za tangu Aprili haziwaingii akilini, chembe zinaonekana kupita kando kidogo na mahali zinapotakiwa kupita. Wakauliza kama kuna kitu kimebadilika kwetu. Nikaingia kwenye databesi ninayoitunza, ya namba za mtambo wetu wa kupima chembe, kutafuta. Sikutafuta sana.

Wikiendi moja ya Aprili tulizima sumaku kubwa ya mtambo. Sumaku ikilala, mtambo mzima hujinyoosha kidogo, chini ya unene wa unywele. Lakini chembe haisamehe hata unywele. Kwa hiyo wikiendi ile ilipewa namba zake za mkao, zieleze kila kipande cha mtambo kimekaa wapi. Sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Tarehe ya kuanza kutumika — ipo. Tarehe ya mwisho — kisanduku kitupu. Na kwenye mfumo wetu kisanduku kitupu maana yake ni milele.

Milele, jamani! Sumaku iliwashwa Jumatatu yake, lakini databesi mpaka leo inaamini imelala. Kila hesabu tangu hapo imepotoka.

Aliyeingiza namba: Efisio Loddo. Efisio wangu! Baba wa ubatizo wa mtoto wangu Apolline.

Nikamwambia Harkort tutengeneze toleo jipya la namba hizo, la tisa, tutangaze kosa, watu warudie hesabu. Akaniambia hakuna haja ya ngoma yote hiyo. Nifungue toleo la nane linalotumika sasa, nijaze ile tarehe, nifunge. Eti namba moja tu, Bi Solange, nani atajua?

Nikamwambia ng'o.

Jumatano, 13 Juni

Bado nachemka. Nimefika kazini nikiwa nimevaa soksi za rangi mbili.

Wanaona kama nina kichwa kigumu tu. Lakini toleo likishafungwa ni ahadi. Watu wa Krakow, wa Osaka, wa São Paulo, wote wameandika kwenye kazi zao: tumetumia toleo la nane. Nikiligusa kimyakimya, aliyehesabu jana na atakayehesabu kesho watataja jina lilelile na kupata majibu mawili. Watagombana wao kwa wao na hakuna atakayejua kosa liko wapi. Ukichezea mizani sokoni gizani, asubuhi wote wanaonekana wezi. Kosa linaachwa palepale lilipo, waziwazi, na la tisa linawekwa kando yake. Ndivyo tulivyokubaliana sote, Harkort mwenyewe alinyoosha mkono.

Ila najua kinachomwasha. Kile kinundu chake kwenye grafu, anachotumaini ni chembe mpya! Kamati imekiidhinisha kwa toleo la nane, na Julai anakwenda kukionyesha kwenye mkutano mkubwa. Toleo la tisa ni kuomba idhini upya. Julai itampita.

Nimekula mchana na Vojta, msaidizi wangu. Mfumo unadai ridhaa ya watu wawili ili toleo lililofungwa lifunguliwe, yangu na yake. Nikamuuliza yuko upande gani. Akakata nyama yake vipande vidogovidogo kama anamlisha mtoto, kisha akasema mwenye nguvu mpishe, dada. Nikamwambia mpishe wewe, mimi njia yangu ndiyo hii.

Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Ijumaa, 15 Juni

Harkort ameniita ofisini. Mlango ukafungwa, nikakaribishwa biskuti. Nikajua kuna jambo, yule bwana hana kawaida ya biskuti.

Akaanza na sifa. Databesi yako, Bi Solange, ndiyo uti wa mgongo wa jaribio letu, nani asiyejua! Halafu Efisio: kijana mzuri, kamati ya ajira inakaa Alhamisi kumjadili, ingekuwa vibaya jina lake likasambazwa dunia nzima wiki hiyohiyo. Halafu mimi: programu hii ya databesi inaweza kukabidhiwa kundi jingine, wapo wanaoitaka.

Nikaimalizia biskuti yangu.

Nikamkumbusha kitu. Nani alidai kisanduku kitupu kihesabiwe kuwa milele? Mimi nilitaka mfumo ukikatae, mtu akiacha wazi agombezwe na mashine hapohapo. Yeye akasema wanafizikia hawana muda wa kujaza visanduku kama watu wa posta. Yeye! Leo anataka nimfichie mtoto wa watu, kumbe anajificha mwenyewe nyuma yake.

Akasema hakumbuki. Nikasema mimi nakumbuka, na programu hii mpe umtakaye, lakini siku ninayoishika toleo la nane halifunguliwi. Nikasimama. Nikaondoka na biskuti ya pili kwa ukaidi tu.

Naogopa, sikatai. Naogopa na sifungui.

Jumapili, 17 Juni

Efisio alikuja kula, kama kila Jumapili. Nilidhani hatakuja. Alileta ule mkate wa kwao Sardinia, mwembamba, mkavu, unavunjika kama chapati iliyosahaulika juani. Apolline aliumaliza karibu wote peke yake.

Mtoto hana simile. Akamuuliza: mjomba Efisio, Italia inacheza lini Kombe la Dunia? Efisio akajibu kwa uso mkavu kwamba Italia mwaka huu inapumzika. Hawakufuzu hata kucheza! Tukacheka mpaka machozi. Kwa muda kidogo ilikuwa Jumapili kama Jumapili nyingine.

Kisha Apolline akatoka na baiskeli yake, tukabaki wawili.

Akaanza yeye. Dada, Alhamisi kamati inakaa. Miaka yote hii naishi mkataba hadi mkataba, sanduku langu sijalifungua vizuri. Unataka wanijadili huku kosa limening'inia shingoni?

Nikamwambia limeshaandikwa, Efisio, liko pale tangu Aprili.

— Basi lifute!

— Na la kesho nitalifuta la nani? La Harkort? Nikishaanza, nani ataamini namba hata moja niliyoitunza?

— Mimi siyo nani, Solange. Mimi ni mimi!

Nikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema methali zangu hazimpatii mtu kazi. Nikasema kusahau kisanduku si aibu, sote tunasahau, hata mimi juzi nimevaa soksi za rangi mbili. Aibu ni kufuta halafu kusimama Julai mbele ya watu na kutabasamu. Akasema mimi napenda majedwali kuliko watu.

Akachukua koti lake. Kahawa hakunywa. Efisio kuondoka bila kahawa! Haijawahi kutokea nyumbani hapa.

Nimelia nikiosha vyombo. Nampenda yule mtu kama ndugu wa tumbo moja, na ameniumiza, na mimi nimemuumiza. Ningefungua toleo la nane sasa hivi angerudi mbio na mkate mwingine mkononi. Nalijua hilo. Na bado sifungui.

Saa kumi na moja jioni Ujerumani walicheza na Mexico. Wamefungwa moja bila! Majirani wamepiga vigelegele, na mimi nimefungua dirisha nikapiga nao. Mungu anisamehe, nilikuwa namuwazia Harkort na Ujerumani yake tu.

Jumatatu, 18 Juni

Harkort amekuja na uso wa matanga. Wale Wamexico wawili wa ghorofa ya chini wamemwamkia kwa heshima zote, "Habari za jana, Profesa?" Hakuitikia.

Mengine si ya kuchekesha. Mchana nimeona ombi kwenye mfumo: kufungua toleo la nane. Mwombaji: Harkort. Ridhaa ya kwanza: imetolewa. Vojta!

Nimemfuata mezani kwake. Nikamwambia hata kuniambia hukuniambia, Vojta? Akasema angeniambia ningemzuia. Sasa hilo nalo ni jibu? Akasema ana mke mjamzito, hataki vita. Nikasema hata mimi sitaki vita, wameniletea mlangoni. Akaangalia skrini yake, iliyokuwa imezimwa.

Efisio tumepishana koridoni. Nikasalimu. Akainamisha kichwa kama tunakutana msibani, akapita. Nusura nimkimbilie. Sikumkimbilia, na sijui kama nimefanya vizuri.

Kesho kikao cha kuamua ombi hilo. Watu wa Krakow hawakualikwa, wao ndio walioliona kosa! Nimewatumia ujumbe mwenyewe, nimewaambia waingie kwa video. Harkort akitaka kunila, anile hadharani.

Jumanne, 19 Juni

Naandika chini ya meza, daftari liko mapajani. Nisipoandika nitapiga kelele.

Kikao kimeanza. Krakow wamo, nyuso nne kwenye skrini kubwa. Harkort alipowaona alimeza mate. Akasema kwa sauti tamu kwamba kuna "marekebisho madogo ya kawaida". Marekebisho madogo! Nikanyoosha mkono, nikaeleza yote: wikiendi ya Aprili, sumaku, kisanduku, milele. Jina sikulitaja. Nilisema "mmoja wetu". Efisio amekaa kule mbele, ubavuni mwa Harkort, anaangalia kikombe chake tu.

Mama mmoja wa Krakow akauliza: kwa hiyo mnataka kubadilisha toleo lililofungwa? Harkort akasema hapana, ni kulikamilisha. Mtu mmoja akakohoa. Kwa hiyo tumefika huko, kusema uongo kumeitwa kukamilisha.

Sasa ameweka lile ombi ukutani wote walione. Jina la Vojta, alama ya kijani. Jina langu, kisanduku kitupu. Anasema Bi Solange, mkutano mzima unakusubiri, weka ridhaa yako tuendelee na kazi.

Nimesema: Profesa, wewe ndiye uliyeamua kitupu maana yake ni nini. Hicho changu kitabaki hivyohivyo.

Wale Wamexico wamecheka. Vojta amefunika uso kwa mikono. Harkort amekuwa mwekundu, anasema atapeleka jambo juu, kwamba mtu mmoja hawezi kuteka jaribio la watu elfu tatu. Anasema na kuhusu huyo "mmoja wetu", pengine ni wakati wa kuwaambia wote ni nani, tuone kama Bi Solange atafurahi.

Lo! Ndiyo maana alimkalisha ubavuni!

Kiti kimekwaruza sakafu. Efisio amesimama. Amechukua kikombe chake, ameburuta kiti chake kuzunguka meza nzima — kelele gani hiyo! — na amekaa hapa, karibu yangu, bega kwa bega. Hajaniangalia. Kahawa imemwagikia mkononi mwake na hafuti.

Harkort anamuuliza: Loddo, umepotea njia?

Efisio anasema: Hapana, Profesa. Nilipotea Aprili.

Nimemshika mkono chini ya meza, umelowa kahawa, na mwandiko wangu umeharibika. Alhamisi ni keshokutwa. Harkort anavua miwani yake, anaifuta polepole, anaivaa tena, na sasa anatuangalia wote wawili. Kisanduku changu kiko palepale ukutani, kitupu.