Kondoo wa Sista na Mama Mkwe

Nyasubi, Jumapili, Juni 1974

Na bado nampenda Masanja wangu, nampenda sana, hata leo aliponitia aibu!

Mama yake alifika jana kutoka Kharumwa kuniona kwa mara ya kwanza. Nilitaka ale kitu asichokisahau. Nikapika ule mchuzi mzito aliotufundisha sista shuleni, wa kwao Ayalandi: kondoo, viazi, karoti na vitunguu, vyote sufuria moja, kwa moto mdogo. Ukaiva vizuri mno. Kupika najua, sijidanganyi.

Mama akanusa, akatabasamu. "Nyama gani hii, mwanangu?"

"Ya kondoo, mama."

Akarudisha kijiko mezani. "Ukoo wetu kondoo ni mwiko. Mume wako hakukwambia?"

Tukamgeukia Masanja. Mashavu yamejaa!

"Masanja! Tema!"

Akameza. "Umechelewa, mama. Ile harufu imenisahaulisha ukoo mzima."

Nikaona ndoa yangu ya wiki tatu inahukumiwa palepale, na mimi nimesimama na upawa mkononi...

Mama akacheka. Akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. "Huyu mwanaume umeshammaliza," akaniambia. "Kesho tafuta mbuzi, upike hivihivi, nami nile."

Kesho! Alikuwa arudi Kharumwa kwa basi la asubuhi. Sasa mzigo ameshaufungua, na kanga zake amezipanga kabatini, juu ya zangu.