Nilimuua fundi saa kwa kalamu

Wewe, nimeua mtu. Sitanii.

Unazikumbuka zile barua za deni za fundi saa aliyepanga hapa kabla yetu? Nilizichoka. Ya mwisho nikaandika juu ya bahasha yake "Mhusika amefariki", nikairudisha posta. Mama alicheka mpaka machozi.

Leo nikasikia hodi. Dada mmoja, macho mekundu. "Kaka, wanaomdai baba wameniambia amefariki. Mlimzika wapi?"

Mlimzika wapi!

Nikamwambia, "Dada nisamehe, hajafa. Ulikuwa utani wangu."

Nilingoja kofi. Afadhali angenizaba. Akakaa kizingitini, akauliza polepole, "Sasa kama yu hai, mbona mwaka mzima hanipigii?"