Punje Nyeupe Mgongoni

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo tumeshazoeana. Wewe je, na kazi ya dukani?

Umeniuliza tena nahamia kwako lini. Mama, nikiondoka nani atawaangalia wapangaji wangu? Tangu mama yako atutoke nyumba imekuwa kimya, lakini bustanini sina upweke. Nimekuwekea picha zao. Huyo kinyonga wa kwenye mpera, miaka yote niliyopiga watu picha za vitambulisho sikupata mteja mtulivu kama yeye. Chura wa chini ya ndoo ananimalizia konokono. Nyuki wako kwenye maua ya maboga.

Picha ya mwisho inanitia wasiwasi. Ni kiwavi kwenye mnyanya, amebeba punje nyeupe mgongoni kama za mchele. Wewe unauza dawa za mimea, ndiye mjuzi wetu. Ni nini hizo?

Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba,

Huku tuko salama, ila uchovu. Kinyonga wako nimembandika ukutani juu ya mizani. Wateja wengine wanamwogopa hata kwenye karatasi.

Hizo punje ni mayai, Baba. Yakianguliwa, nyanya utazisikia kwa jirani. Nakutumia chupa ya dawa, ile kali wanayonunua wakulima wakubwa. Pulizia bustani nzima, juu na chini ya majani. Jifunge kitambaa puani.

Na uzidi kufikiria kuhama. Chumba chako nimeshakitandika.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Najikongoja.

Dawa ilifika. Kusema kweli nilisita, lakini kitu umetuma wewe, kukiacha kabatini niliona ni kukukosea. Nikapulizia kama ulivyosema.

Siku hiyo nilikuta kiwavi mwingine mwenye punje zilezile, nikamtia kwenye gilasi nimpige picha kabla sijaanza. Juzi punje zikafunguka. Hawakutoka viwavi, Mama. Walitoka nyigu, wadogo kuliko sisimizi. Kiwavi mwenyewe amekauka. Walikuwa wanamla yeye, si nyanya zangu. Niliwafungulia dirisha, ila sijui walienda kuishi wapi.

Kinyonga nilimwokota chini ya mpera. Chura simwoni. Nyuki hawaji.

Usijilaumu. Aliyeshika bomba ni mimi.

Baba yako

17 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisomea stoo, nikalia mpaka bosi akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Ni ujuaji wangu, Baba. Nauza chupa hizi kila siku na sijawahi kusoma zaidi ya bei. Nisamehe. Majuto ni mjukuu, na huyu nimemzaa mwenyewe.

Watarudi mvua zikinyesha. Usiiweke kamera chini. Nitumie picha yoyote, hata ya jani.

Mwanao

20 Mei

Shikamoo Baba,

Hujajibu. U mzima kweli?

Habari ya kuhama nimeifuta, sitaitaja tena. Kaa kwako, na bustani yako. Niandikie tu, hata mstari mmoja.

Mwanao

18 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mwili hauna neno.

Nimechelewa kwa sababu sikuwa na la kukuonyesha. Mvua zimenyesha na zimekatika. Kila asubuhi natoka na kamera, nazunguka, narudi ndani nayo. Nyanya zimezaa vizuri, hazina hata tundu, na majirani wananisifu. Nawagawia zote. Mimi zimenishinda kula.

Sina kinyongo na wewe, naomba uliamini hilo. Ulitaka kunisaidia na mimi nilitaka kukufurahisha. Lakini jana nilisimama kati ya matuta mpaka jua likawa kali, nikajiuliza nani ataniona nimekosekana nisipotoka kesho. Sikupata jibu. Huko nyuma lilikuwepo.

Kile chumba, kama bado kipo, kitanitosha. Nakuja Jumamosi. Usihangaike kutafuta gari, sina mizigo.

Baba yako